Niliuimba Mpaka Ubeti wa Tatu

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka arobaini na moja, vita ikanitoa kwetu Kivu. Hiyo tabu nililetewa na watu. Hii nyingine, ya mwaka 2015 hapa Louisville, Marekani, nilijiletea mwenyewe nikiwa nimevaa suti mpya. Kosa ni langu, msinitafutie sababu.

Shule niliishia darasa la pili. Kifaransa nilikipata kwa redio ya msimamizi wa shamba la chai, na zaidi kwa wimbo mmoja wa mapenzi ulioimbwa dunia nzima. Mnaujua. Nilikuwa naumaliza bila kukosea neno, waliosoma wananitazama. Nilikuwa na hicho tu.

Baadaye chama cha rais kikauchukua. Wakatoa jina la mwanamke, wakaweka la rais, tukauchezea uwanjani kila sikukuu. Vita ilipokuja, waasi nao wakamtoa rais, wakaweka kamanda wao. Bon, sawa, mimi nilibaki na maneno ya kwanza.

Binti yangu Esperansi alichumbiwa na Riziki, kijana wa kwetu aliyeishi Columbus na mama yake. Wiki ya harusi, mama huyo akanipigia simu.

"Papa, naomba kitu kimoja tu. Ule wimbo wa Kifaransa usipigwe."

"Kwa nini, Mama Riziki?"

"Waasi walitukusanya, wakasema tuuimbe na kupiga makofi. Aliyeacha makofi walimchukua. Baba Riziki alichoka mikono."

Nikasema, "Wimbo haukumuua mtu, mama. Niliuimba kabla hao waasi hawajazaliwa. Hata wazungu wa kanisa letu wanaujua kwa Kiingereza. Utauogopa mpaka lini?"

"Basi, Papa. Nimesikia."

Donc, yaani, kwetu baba wa bibi harusi husimama mbele ya wakwe awaonyeshe yeye ni nani. Wengine hutoa hotuba. Mimi hotuba siiwezi. Nikamwambia kijana wa muziki auweke ule wimbo.

Ukumbi wetu wa Newburg, hapa hapa Louisville, ulijaa. Nikashika maikrofoni. Ubeti wa kwanza, vigelegele. "Mzee, umemeza redio nzima?" mmoja akapiga kelele, watu wakacheka.

Ubeti wa pili, Mama Riziki akasimama, akaanza kupiga makofi. Hakutabasamu, hakucheza. Alipiga kwa nguvu, macho yakiwa ukutani. Watu wakadhani amefurahi, wakaenda kumbandika noti za dola kwenye paji la uso, kama tunavyofanya. Noti zinaanguka, yeye anapiga tu.

Mimi niliona. Ungamo langu liko hapa. Niliona, nikajua, na bado nikaendelea, kwa sababu ubeti wa tatu ndio mgumu na nilitaka waliosoma wausikie.

Esperansi akanivuta koti. "Papa, stop." Nikausukuma mkono wake.

Wimbo ukaisha. Makofi hayakuisha. Riziki akamshika mama yake mikono yote miwili, akamwambia polepole, "Wamekwenda, Mama. Wamekwenda." Akamtoa nje, mikono bado inataka kupiga.

Toka siku ile haendi kanisani, maana kule wanapiga makofi. Kazi yake ya kutunza wazee ameiacha. Nilipanda basi mpaka Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, alikokuwa anakaa, nimwombe msamaha. Alifungua mlango, akaniona, mikono ikaanza kukutana. Niligeuka, nikarudi kupanda basi, msamaha sijauomba.

Sasa vijana wamehamia naye Buffalo. Esperansi hapokei simu yangu. Riziki alipokea siku moja tu. "Papa, sikuchukii," akasema. "Lakini Mama akisikia sauti yako kwenye simu, anasimama."

Wazee wenzangu mnaopenda kushika maikrofoni, mtu akikwambia wimbo fulani unamuumiza, usianze kumfundisha maana yake. Uzime. Mimi nilidhani ni wangu kwa sababu niliujua kabla yao wote. Sasa hata nikitubu, natubu kwa sauti ile ile.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu, gari la watu saba ninaloendesha peke yangu, suti moja, spika mbili nilizozifunika shuka, na picha ya mjukuu wa kike niliyotumiwa na mtu wa pembeni. Jina la mtoto sijaambiwa.