Kiingereza cha Jumapili

Shida yangu ilianza mwaka wa 1965, nikiwa na miaka tisa. Baba alifariki, nikatolewa darasa la pili, nikapelekwa kuchunga ng'ombe wa watu. Kiingereza nilichotoka nacho shuleni kilikuwa cha kuomba ruhusa ya kwenda choo. Kingine nilikiokota Nanyuki nikiwauzia wanajeshi wa kigeni mayai na makaa: how much, tomorrow, no money no eggs. Hicho kilitosha kuninunulia msumeno, halafu mashine ya kupasua mbao, halafu ploti ambapo yadi yangu ya mbao iko mpaka leo, hapa Nyeri.

Nikasomesha watoto wawili. Niliwasomesha vizuri hadi nikajifungia nje ya mazungumzo ya nyumba yangu mwenyewe.

Kijana wangu ni wakili, anaishi Skuta, hapa hapa Nyeri. Dada yake anafanya kazi ya hesabu Nairobi. Jumapili baada ya kanisa wanakuja, wanakula kuku, halafu wanaanza. Habari za mvua na shule wanaongea Kikuyu. Wakifika kwa yadi yangu, wanahamia Kiingereza. Na si kile cha Nanyuki, kwa sababu wanajua hicho nitakishika. Wanachukua kile cha juu kabisa, cha maneno marefu kama boriti, na mimi nimekaa hapo kwa kiti nilichonunua, natazamwa kama kabati.

Jumapili moja kijana alielekeza kidole upande wa yadi, kisha kwangu. Nilishika maneno mawili, liquidate na reluctant, nikayarudia moyoni mpaka wakaondoka. Nikajaribu simu. Ati simu inataka uandike neno ndipo ikueleze. Kama ningejua kuliandika, ningekuwa nauliza simu? Nikaenda kwa jirani, mwalimu mstaafu, mama ambaye huchukua mabaki ya mbao kwangu kuwashia jiko.

"Liquidate ni kugeuza mali iwe pesa," akasema.

"Hiyo inaitwa kuuza."

"Ndiyo, mzee. Kuuza."

"Mbona hawasemi sell? Sell naijua tangu Nanyuki."

"Si ndiyo sababu hawaisemi."

Hivyo ndivyo nilivyojua yadi yangu inapangiwa kuuzwa, na mimi nimekaa hapo hapo nikichokora meno. Nikamuuliza hiyo nyingine.

"Reluctant ni mtu hataki, lakini bado hajakataa."

"Huyo si mimi. Mimi nikikataa, nimekataa."

"Basi wewe ni obstinate."

"Na hiyo ni nini?"

"Nenda ukamuulize mama watoto. Anaishi nayo."

Kwa mwezi mzima, kila Jumapili nilishika maneno mengine, nikawa naenda kwake jioni nikishafunga yadi. Sijawahi kuchoshwa na kazi kama hiyo, na nimebeba magogo. Viable ni kitu kinachoweza kuendelea. Transition ni kuhama. In due course ni baadaye, na hawasemi baadaye gani. Kila neno ukilipiga randa kidogo, unakuta ndani kuna neno dogo ambalo nilikuwa nalo tayari. Ni kama kuuziwa mbao rahisi ya grevilea iliyopakwa vanishi, uambiwe ni mahogani. Sentimental, mwalimu akaniambia, ni mtu anayependa kitu bila kupiga hesabu. Hiyo nilienda nayo nyumbani.

Nyumbani nikamlalamikia mke wangu. Alikuwa anachagua maharagwe, hata hakuinua kichwa.

"Na wewe ukienda kusemea wazee kwa mahari, si mnasema ati mmefuata kondoo aliyeingia boma hili, na ni msichana mnataka? Hawa watoto waliuliza ni kondoo gani. Mkawaambia watoke nje."

Nilimwambia hayo ni mambo mengine. Akasema sawa, na jinsi alivyosema sawa ilinikera kuliko Kiingereza.

Jumapili iliyofuata walianza tena. Kijana akafika kwa reluctant. Nikaweka kikombe chini.

"Reluctant ni mtu hataki lakini hajakataa. Mimi nimekataa. Hiyo yadi hakuna mtu ataliquidate."

Msichana wangu akaangalia chai yake. Kijana akarudi kwa Kikuyu.

"Baba, tuliogopa tukikwambia wazi utakasirika."

"Nimekasirika tayari. Sasa niambie wazi."

Akaniambia. Msimu wa mvua uliopita, ile mashine ya kupasua mbao ilinishika mkono wa koti, ikanivuta, mfanyakazi akawahi kuizima. Sikujua kwamba huyo mfanyakazi alimpigia kijana wangu simu siku hiyo hiyo. Kikuyu cha kijana wangu ni cha mtu anayetembea pekupeku juu ya kokoto, lakini alifika.

"Hatutaki kukuzika vipande vipande," akasema.

Maneno hayo hayakuhitaji mwalimu. Ningeyasikia mwezi mzima kabla kama wangeyasema kwa mdomo waliozaliwa nao. Nikawaambia mashine nitawaachia vijana wa kazi, mimi nitakaa langoni nipime na kuuza. Yadi inabaki. Dada yake akauliza kama hiyo ni ahadi. Nikamwambia mimi si mtu wa in due course.

Leo niko na yadi ya mbao na mashine yake. Niko na lori moja kuukuu ambalo injini bado inawaka. Nyumba ya mawe. Ng'ombe wawili wa gredi, wa maziwa. Ploti moja Kagio, wapangaji ni wauza mchele. Shamba la kahawa alilochimba mama yangu. Mke. Hakuna kinachouzwa.