Gunia la Beji za Mwalimu

Mwishoni mwa miaka ya tisini, Guangzhou, nilikuwa na bega moja la kushoto lililojaa matumaini. Lilikuwa linamsubiri Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mama wa Kichaga aliyefundisha Kiingereza katika chuo nilichosomea kwa ufadhili. Ujanani alisoma Marekani, kwenye chuo kikuu cha Kikatoliki. Chuo hicho kilikuwa na chama cha heshima cha wanafunzi bora, wanaume watupu. Msichana aliyeongoza darasa alipigiwa makofi, akapewa chai. Wasichana walipoomba kuingia, padri msimamizi aliwajibu kwa upole kabisa: "Mtakuwa wengi mno. Heshima itakosa ladha."

Basi wakaunda chama chao, na beji yao ndogo ya fedha yenye mchoro wa taa. Hakuna aliyeruhusiwa kuomba uanachama. Siku ya chakula cha pamoja, mwanachama alipita nyuma ya viti na kumgusa bega la kushoto yule aliyemchagua. Ukionekana kuitamani, umekwisha. Baadaye wanaume wakawafungulia wanawake mlango wao, na chama cha wanawake kikavunjwa kwa hotuba nyingi za shukrani. Wenye beji, Mwalimu akiwa mmoja wao, wakaahidiana kwamba kila mmoja atamrithisha mwanamke mmoja beji yake kabla hajafa.

Nayajua haya kwa sababu Mwalimu alikuwa akiiandika historia ya chama, na mimi ndiye niliyeipiga chapa. Ukurasa wa padri niliupiga mara tatu, maana kila alipousoma alikasirika upya na kuongeza sentensi.

Na mimi niliitaka ile beji. Niseme wazi, niliitaka kuliko shahada. Nyumbani nilikuwa mtoto wa sita kati ya wanane, sikuwahi kuchaguliwa kwa lolote ila kuosha vyombo. Kila Jumapili Mwalimu alitupikia pilau sisi wanawake tuliotoka nchi moja naye, wanafunzi na wafanyabiashara, tusiozidi kumi. Nilikuwa nawahi kiti cha karibu na mlango wa jikoni, nikakaa upande upande, bega limejitokeza njiani. Dada mmoja wa Kariakoo, mnunuzi wa nguo kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu, aliniuliza kama nina jipu.

Siku moja pini ya beji ikakatika. Mwalimu akaniita mimi, si mwingine. "Ipeleke kwa fundi. Ndiyo hiyo hiyo moja niliyonayo."

Dada wa Kariakoo alinielekeza kwenye karakana ya beji na vifungo, akataka kunisindikiza. Nikakataa. Nilikuwa na miezi minane ya Kichina na kiburi cha miaka minane. Nikaiweka beji mezani, nikaonyesha pini, laobani, yaani mwenye karakana, akaitikia kwa kichwa, akaandika karatasi, nami nikatia sahihi kwa mbwembwe bila kuisoma.

Baada ya wiki mbili mchukuzi akashusha gunia mlangoni kwa Mwalimu, Jumapili, pilau likiwa mezani. Ndani kulikuwa na beji mia tano, zote zina taa, zote pini nzima.

"Mdogo wangu," dada akasema, akiwa ameshika kiuno kwa kicheko, "mji huu ukiweka kitu mezani kwa laobani, umeleta sampuli. Hata meno yako ukiyaacha pale, utayakuta kwenye kontena."

"Ile yangu iko wapi?" Mwalimu akauliza.

Nikaingiza mkono gunini mpaka kwenye kiwiko. Laobani alikuwa ameing'arisha ile ya zamani na kuitupa humo humo katikati ya nakala zake. Nikasema sijui. Nikaanza kulia, na si kwa ajili ya beji peke yake. Nililia kwa ajili ya bega langu.

Mwalimu alisimama akiliangalia gunia, amekaza uso. "Lakini hizi," akasema, "hizi ni nyingi mno. Heshima gani tena itakuwa na..."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi pekee ndiye niliyejua kwa nini. Nilitazama sahani yangu kwa heshima zote, kwa sababu mtu akishikwa na maneno ya padri kinywani mwake, si vizuri kumwangalia.

Akachota beji kwa kiganja kama anachota mchele. Akapita nyuma ya viti. Akamgusa bega dada wa Kariakoo, aliyeishia darasa la saba na kusomesha wadogo zake wanne kwa marobota ya suruali, akamchomekea moja kwenye buibui. Dada akaacha kucheka. Mwalimu akapita kwa mwingine, na mwingine, wote. Mimi nikafikiwa mwisho, nikiwa nimekaa wima kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

"Wewe umeomba kila Jumapili," akasema. "Sheria yetu inakukataa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi utaipiga chapa upya ile historia, na sheria hiyo uiache nje."

Akanichomekea beji, akaniwekea mkono kwenye bega, la kulia, kwa sababu la kushoto nilikuwa nimelifutia machozi.

Binti yangu sasa ananiuliza kama beji yangu ndiyo ile ya asili. Simjibu, kwa kuwa sijui. Mwalimu naye hakujua, na jioni ile yote sikumwona akiitafuta.