Mama Mikunjo na Nusu ya Karani

Wifi yangu amepiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na sita, na mpaka leo akipita wodini hutazama shuka kwanza, mgonjwa baadaye. Ndiyo maana wakamwita Mama Mikunjo. Akiuona mkunjo mmoja, hata wewe uliyekuja kusalimia tu utajiona una kosa.

Mwaka huu ililetwa mashine inayofua, kukausha na kunyoosha yenyewe. Chumba cha pasi kingefungwa. Wafuaji wasiotimiza miaka arobaini wangefundishwa kuiendesha. Waliobaki wangepewa mkono wa asante na kuonyeshwa mlango. Wifi alikuwa na thelathini na tisa, basi akalala usingizi wake mnono. Alimsahau karani.

Karani wa ofisi ya wafanyakazi ni mtu wa rula. Aliambiwa aandike majina ya wanaostahili, kazi ya robo saa. Yeye akachukua siku tatu na kuchora jedwali la hospitali nzima. Akawapanga watu kwa madaraja: thelathini hadi thelathini na tisa, arobaini hadi arobaini na tisa, hivyo hivyo mpaka juu. Kati ya thelathini na tisa na arobaini akaona ufa. Akauziba kama alivyofundishwa enzi zake: mpaka ukawa thelathini na tisa na nusu. Kisha akatafuta namba ya katikati ya kila daraja, ya kupigia wastani wa umri. La thelathini likapata thelathini na nne na nusu, akaipigia mstari mwekundu. Akabandika ukutani.

Jina la wifi lilikuwa kwenye daraja la arobaini.

"Bwana Karani," wifi alimwambia mbele yetu wafanyakazi wote, "mume wangu kwa miaka ishirini hajaweza kunizeesha. Wewe umeweza kwa karatasi moja?"

"Dada, una thelathini na tisa na miezi minane. Nusu umeshaivuka. Ukikadiria, ni arobaini."

"Kadiria gunia la unga! Umri haukadiriwi. Mtu anatimiza arobaini siku anapotimiza. Ikibaki hata siku moja, bado ana thelathini na tisa."

"Hesabu haina ubishi, dada."

Matroni, mkuu wetu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Wifi akaona huyo ndiye anayepaswa kusikia, akapandisha sauti.

"Sawa. Na wewe una miaka mingapi?"

"Hamsini na tisa."

"Na miezi?"

Karani akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

"Jibu, baba," Matroni akasema.

"Saba."

"Heh! Basi na wewe nusu umeivuka," wifi akasema. "Uko daraja la sitini, na sitini hapa ni kustaafu. Tukuage sasa hivi, au umalizie chai?"

Tulicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza nani kafa.

Hapo ndipo karani alipokumbuka kwamba umri una kanuni yake. Jedwali likabanduliwa. Daraja la thelathini sasa likaanzia thelathini kamili, likaishia pale mtu anapotimiza arobaini, na namba yake ya katikati ikawa thelathini na tano. Kila daraja likasogea vivyo hivyo, na kwa kuwa walioshushwa daraja kama wifi walikuwa wachache, wastani wa umri wa hospitali nzima ukapanda karibu nusu mwaka kabla ya saa sita mchana. Mkurugenzi akaandika barua kuuliza ni kazi gani hiyo inayozeesha watu kwa asubuhi moja. Mpaka leo karani hajaijibu.

Wifi alipewa fomu ya mafunzo. Palipotaka umri akaandika thelathini na tisa, akamsukumia karani fomu pamoja na kalamu, akasimama palepale, mikono kiunoni, aone kama ataongeza kitu.

Karani alipiga mhuri.