Mama Elia Anataka Mwanawe Aitwe Jina Langu

Mhariri, uniwie radhi kwa mwandiko mbaya. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, maana ule wa kulia unajulikana kata nzima. Majina niliyoyataja humu si ya kweli.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mbili. Nimesoma hadi kidato cha nne, na ni karani wa ofisi ya kata huku Iramba, mkoani Singida. Mume wangu ni askari. Tulikaa pamoja miezi mitano tu tangu ndoa, vita vikazuka, akapelekwa mpakani. Naishi kwa mama yake pamoja na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Taarifa ya habari ikianza redioni pale ofisini, mikono yangu huacha kazi yenyewe.

Kisha mgambo nao wakahitajika. Katibu wetu alinipa karatasi ya penseli yenye majina kumi na mengine matatu ya akiba, niyanakili kwa wino, nisimwambie mtu. Jina la kumi lilikuwa la shemeji. Mchana nilikwenda nyumbani kula, nikaisukuma sahani ya ugali kando, mama mkwe akanibana mpaka nikasema. Wasomaji, alipiga magoti. Kwetu mkamwana ndiye hupiga magoti akimwamkia mkwe shikamoo. Kinyume chake sijapata kuona. Alinishika miguu akasema, "Mmoja nimeshawapa. Huyu ukimwandika, umenizika."

Nilirudi ofisini nikaandika majina tisa. Kwenye la kumi nikaandika la kwanza katika akiba, Baba Elia. Gari la kuipeleka orodha wilayani lilikuwa linangoja nje. Katibu akatia sahihi na muhuri bila kusoma. Ile karatasi ya penseli niliichoma jikoni.

Mama Elia ni jirani yetu. Mumewe alikwenda vitani akimwacha mjamzito. Hajui kusoma, hivyo kila siku ya gulio huja na karanga zake nimsomee barua na kumwandikia jibu. Nikiwa kazini hunipangia foleni ya sukari dukani. "Karani, sisi tumeolewa na redio," huniambia na kucheka. Shemeji akipita hututania: "Msilie, wake za askari. Mimi nimeachwa niwalinde." Mama Elia hucheka tena. Mama mkwe huinuka akaingia ndani.

Mwezi uliopita mume wangu aliniandikia: "Nimepata mtu wa nyumbani. Baba Elia yuko kikosi chetu, tunalala handaki moja, tunagawana blanketi. Lakini niambie, mbona mdogo wangu hakuitwa? Yeye alimtangulia kuhitimu mgambo." Sijamjibu. Barua za huko hufunguliwa njiani. Nikiandika ukweli, wa kwanza kuusoma hatakuwa yeye. Nikiandika uongo, atauamini, kisha atajifunika blanketi moja na mtu niliyemponza.

Sasa Mama Elia amejifungua mtoto wa kike. Nilipokwenda kumpongeza aliniwekea mtoto mapajani. "Huyu ataitwa jina lako," akasema. "Bila wewe ningekufa kwa mawazo. Mwandikie baba yake. Akikubali tu, tunambatiza." Nilimwambia ofisi imeishiwa karatasi. Juma lililofuata nikasingizia wino. Juzi amekuja na karatasi mbili alizozichomoa katika daftari la Elia na kalamu aliyoiazima kwa mwalimu. "Haya, karani, leo utasema nini?" Nikaandika, "Mpendwa mume wangu, sisi huku hatujambo," nikasema kichwa kinaniuma. Karatasi hiyo iko mezani kwangu mpaka leo, na mstari ni huo mmoja.

Nikimwambia Mama Elia, nitafungwa, shemeji atachukuliwa, na mama mkwe hatanitazama tena maisha yake yote. Nikinyamaza, kila nitakaposikia mtoto anaitwa nitajua anaitwa kwa jina la nani. Na kama Baba Elia hatarudi?

Wasomaji wenzangu, nishaurini, nifanye nini? Tafadhalini msichelewe. Gazeti hili huletwa ofisini kwetu, na ukurasa huu ndio Mama Elia aupendao kuliko yote. Kila likifika, hukaa kwenye benchi na mtoto wake, akaniomba nimsomee kwa sauti.