Figo Isiyouma

Muuza nyama wetu wa Buhare amefariki, tumemzika kwao Mugeta, kule Bunda. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua mimi si mtu wa kutoka. Safari yangu ndefu kwa kawaida ni kutoka kitandani hadi kibarazani, na hiyo nayo huahirishwa mvua ikinyesha. Kwa msiba huu nilifika hadi Mugeta, nikarudi na vumbi masikioni na uzito ambao bado sijapata pa kuutua.

Figo zake zote mbili zilikufa zamani. Kwa miaka alikuwa akisafishwa damu kwa mashine, na kwa kuwa hakuwa akikojoa tena, maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe cha kahawa. Wateja hawakumhurumia: "Bwana nyama, si ujikatie moja hapo kwenye ndoano?" Naye, huku ananoa kisu: "Hizi za ng'ombe. Nikiwekewa, kesho mtanifunga jembe." Mwishowe dada yake, mkulima wa Mugeta, akajitolea. Vipimo vikaonyesha kijiwe kidogo katika figo yake moja, na nyumbani wakaona basi, imeshindikana. Madaktari wakasema bado. Wakachunguza kama mwili wake ni wa kutengeneza mawe kila mara, wakaona sivyo. Wakachukua figo ileile yenye kijiwe, wakakitoa, wakampandikiza kaka, na dada wakamwachia iliyo safi. Wote wawili wakapewa agizo moja: maji mengi, na kliniki bila kukosa.

Kaka akarudi buchani, akanenepa, ila kikombe kile hakukiacha. Nikamuuliza, "Wewe si uliambiwa unywe?" Akacheka. "Mzee wa kibaraza, maji yalikuwaga adui yangu, leo mnaniambia tumepatana! Halafu wewe choo chako kiko mlangoni. Mimi nikiwa mnadani Butiama tangu asubuhi, nikojoe nyuma ya ng'ombe wa nani?" Nikacheka pia. Alikuwa na namna ya kukufanya ucheke mahali pa kubisha.

Jiwe likajitengeneza katika figo ile mpya. Sasa, sisi wa Mara tumelelewa kusimama mbele ya kisu cha jando bila kupepesa jicho, na tangu hapo tunaamini maumivu tu: kisichouma si ugonjwa. Lakini figo ya kupandikizwa imekatwa mishipa yake ya fahamu. Jiwe linaweza kuiziba kimya kimya, bila yale maumivu yanayomgaragaza mtu mzima sakafuni. Kliniki walimwambia asisubiri kuumwa. Alisikia, akasubiri. Mkewe aliona mkojo umepungua na mwili una joto. "Baba watoto, twende hospitali." "Naumwa wapi? Nionyeshe mahali." Walipofika, madaktari walimwekea mrija wa kutoa mkojo, lakini maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Hakurudi.

Makaburini nilimwendea dada yake na maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima. Hakunipa nafasi.

"Kaka, tangu asubuhi napewa pole ya ndugu yangu," alisema. "Hakuna aliyenipa pole ya figo yangu. Nayo imo humo." Akaelekeza kidevu kaburini.

Mazoezi yangu yote yakayeyuka. Nikauliza lililonijia: "Wewe mwenyewe kliniki unakwendaga?"

"Nilikuwaga nakwenda naye. Mgonjwa alikuwa yeye, mimi namsindikiza. Sasa nitamsindikiza nani?"

Nikamwambia aende kwa ajili yake, kwamba amebaki na moja, katika mwili uliowahi kutengeneza jiwe. Akanitazama kama anayesikiliza habari za jirani, akasema, "Sawa, kaka," akaenda kupakua chakula cha wageni.

Tunamchangia anayepokea, tunamwombea kanisani, tunamuuliza hali kila tukikutana naye. Anayetoa tunamrudishia jembe lake. Kama kwenu yuko mtu wa namna hiyo, mpelekeni kliniki, hata akisema haumwi, hata aliyempa akiwa ameshazikwa. Huyu wa Mugeta nimempigia simu mara kadhaa. Kila mara ananiambia atakwenda wakishamaliza kupalilia.