Hapa Ndipo Fundo Linakataa

Mwaka wangu wa mwisho wa chuo kikuu, hapa Butembo, kazi ya kumaliza masomo niliifanya juu ya mafundo. Ni hesabu kabisa, si mchezo. Unafunga kamba, unaunga ncha zake mbili, unaichora kwenye karatasi, halafu unahesabu mahali inapojipitia juu. Shida ni kwamba mchoro unasema uongo. Namba ya kweli ni ile ndogo kabisa, inayobaki hata ukivuta na kugeuza kamba namna gani. Kwa fundo langu niliandika saba. Mwalimu aliyeniongoza akatia sahihi.

Siku tatu kabla ya kutetea kazi hiyo, Papa, baba yangu, akashuka kutoka kwetu Kipese juu ya lori la viazi. Maisha yake yote amefunga mizigo ya malori. Alitazama mchoro wangu mpaka chai ikaisha.

"Hii saba, ni nani alihesabu?"

"Ni miye, Papa."

"Uliivuta?"

Hapana. Nilikuwa nimeichora vizuri sana.

Akatoa kamba, akaifunga kama kwenye mchoro, akashona ncha kwa sindano ya magunia. Akageuza kitanzi kimoja, akapitisha kingine chini. Sita. Nne. Tatu. Akavuta tena, akaacha.

"Hapa inakataa," alisema, akaomba chai ingine.

Nilikasirika, kusema kweli. Digrii yangu ilikuwa imelala pale juu ya meza, imeshonwa kwa uzi wa gunia. Halafu nikaandika upya sura nzima. Kule kukataa, kwamba namba haishuki chini ya tatu, nilikuthibitisha mwenyewe, kwa chaki za rangi tatu. Hicho ndicho kilikuwa changu.

Siku yenyewe Papa alikaa nyuma, na koti lake la misa. Profesa mkubwa akaniuliza kwa Kifaransa: hizi tatu ulizionaje, na mchoro una saba? Nikajibu, kwa Kifaransa kizuri, kwamba ni njia niliyoitafuta mwenyewe. Wakapiga makofi. Papa, asiyesikia Kifaransa, alipiga kuliko wote.

Inje akaniuliza, "Baliuliza juu ya kamba?"

"Baliuliza, Papa."

"Na ulibaambia ni miye?"

"Ndiyo, Papa."

Haya ilinishika mpaka masikioni. Yeye akacheka, akanipa kamba niichunge.

Mpaka leo, kule Kipese, anaambia kila dereva kwamba maprofesa wa Butembo wanamjua.