Tochi ya Mfukoni mwa Weldon

Mimi ndiye yule nyanya, Gogo wanavyoniita huku kwetu, aliyesimamisha soko la Merigi kwa sababu ya sindano ambayo haikuwepo.

Kaeni niwaeleze.

Ng'ombe wangu Chelel alikuwa karibu kuzaa. Mwaka jana alizaa jioni, stima imepotea, ndama akaja na mguu mmoja umekunjika. Mzee wangu Johana akanimulikia na tochi. Nikiwa nimeingiza mkono ndani, tochi ikazima.

Tulipopata mwanga mwingine, ndama alikuwa ameshaenda.

Sasa safari hii nilitaka tochi ya kuaminika. Ndogo, ikae mfukoni mwa aproni siku yote, na nikikwama niiume kwa meno, mikono ifanye kazi.

Nikaenda sokoni Merigi, kwa kibanda cha Weldon. Huyo kijana anauza tochi, lakini bidhaa yake kubwa ni mdomo. Hii inamulika mpaka Mulot. Hii haijui maji. Hii hata lori ikanyage.

"Gogo, hii ni moto. Nakuapia."

Hata ile iliyoniulia ndama niliapiwa.

Basi nikainama, nikapapasa leso, nikamwambia sindano yangu ya kushona magunia imeanguka chini ya meza yake. Na yeye amevaa slipas.

Wueh. Wateja wakaanza kuruka kama mbuzi. Mama muuza nyanya akapanda juu ya kreti yake.

Weldon akapiga magoti. Meza imejaa tochi mpya, hakugusa hata moja. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadude keusi kamekwaruzika, kamefungwa kamba ya kiatu. Akamulika.

"Weldon, sindano imepatikana," nikamwambia. "Nipe hiyo."

"Gogo, hii ni yangu. Siuzi."

"Ndiyo maana naitaka."

Alikataa, mpaka nikamwambia basi nitakaa hapo kwa kibanda, kila mteja akija namweleza muuzaji mwenyewe hubeba gani. Akafungua kamba polepole, halafu akanipa.

Chelel alizaa Jumamosi jioni, ukungu umefunika boma lote. Mguu tena umekunjika. Niliuma kale katochi mpaka taya zikauma, na hakakuzima. Ndama akasimama. Ni jike, lakini nilimwita Weldon.

Kosa langu ni kuhadithia akina mama kanisani.

Wiki iliyofuata jirani yangu Rodah, ambaye ng'ombe wake pia ana mimba, akaenda Merigi akaangusha sindano. Weldon akapiga magoti, akatoa ya mfukoni: imekwaruzika, ina kamba ya kiatu. Rodah akainyakua, akaja nayo mbio akishangilia.

Ilizima kabla amalize kukamua ng'ombe wake mwingine.

Nikaenda kujionea. Nyuma ya kibanda nilimpata Weldon amechuchumaa, tochi mpya zimelala miguuni, anazikwaruza kwa jiwe moja baada ya nyingine. Kando yake kuna furushi la kamba za viatu.

Aliniangalia bila hata aibu.

"Gogo, si ni wewe ulinifunza?"

Kwa hivyo nyinyi mnaosoma, kabla ya kununua kitu, angalieni muuzaji mwenyewe anatumia gani. Na mkishamnasa, rudini nyumbani mfunge mdomo.

Rodah aliniuliza atachagua aje sasa, na ng'ombe wake anakaribia. Iko njia nyingine. Nilimnong'onezea yeye peke yake, huko katikati ya majani chai.

Hapa siiandiki. Weldon pia ako na simu, na anasoma.